Je, kwenda kwa mwanasaikolojia ni kukosa imani?

Wengi wetu hapa Nakivale tunaogopa kuitwa wendawazimu. Lakini Eliya alipochoka hata akaomba kufa (1 Wafalme 19), malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Mwanasaikolojia naye huanza na hayo: unalala? Unakula? Ndoto zako zikoje? Hachomi sindano. Swali likiuma, una ruhusa ya kusema, "Hilo bado." Siri yako ataitunza, isipokuwa uhai wa mtu ukiwa hatarini. Kwa simu ni vigumu zaidi, maana kuta zetu hazizuii sauti. Tafuta mti ulio mbali na majirani.

Nasi wazee wa kanisa tunakiri: mara nyingi tumewaombea watu kabla hawajamaliza kusema.