Je, Kilicho Halali Chaweza Kumtia Mtu Makosani?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora na akamruzuku katika vilivyo vizuri.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji: usiku mmoja darasa yetu ilipokwisha, na watu wakivaa viatu vyao, alinijia kijana mmoja katika wanafunzi wetu akaniuliza swali nisilolitarajia. Alisema: "Sheikh, je, mtu aweza kupata dhambi kwa kula chakula cha halali?"

Nilimjibu upesi: "Mwanangu, halali ni halali. Aliyeihalalisha ni Mungu, na hapana wa kuiharamisha." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba yangu alikatwa mguu juma lililopita kwa maradhi ya sukari. Daktari alimkataza mara nyingi, naye akimjibu maneno haya haya uliyonijibu wewe." Nikamwambia kuwa hayo ni kadari na kwamba avute subira. Akashukuru, akenda zake.

Mimi nilirudi nyumbani, na chakula cha usiku huo hakikunishuka. Nilijua kuwa nimemjibu jambo ambalo hakuniuliza. Yeye hakuniuliza hukumu ya wali wala ya haluwa. Aliniuliza hukumu ya mlaji. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na mwenye kuyachanganya huwa kama aliyeulizwa njia akajibu jina la mji. Basi leo nataka kulijibu swali lile upya, tena kwa kalamu, ili kosa langu lisibaki kwa mtu mmoja tu bila ya masahihisho.

Kwanza natuutazame mwili wenyewe. Watu wengi hudhani kuwa mwili ni kama gunia: chochote kitiwacho ndani hujaza, na kujaa ndiko kushiba. Lakini mwili una haja zilizo ndogo sana kwa kipimo na zilizo kubwa sana kwa matokeo. Mbuzi tunayemfuga uani hutengeneza vitamini C ndani ya ini lake mwenyewe, mwanadamu hawezi. Yeye aliyepewa akili na ulimi hana budi kuitafuta katika tunda na jani, na akiikosa kwa miezi michache, fizi humvimba zikatoka damu, meno hulegea, vidonda vya zamani hufunguka upya, na mwisho hufa. Maradhi hayo ndiyo kiseyeye.

Na mji wetu huu una habari katika jambo hilo. Wareno wa Vasco da Gama walifika Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1498, na wengi wao walikuwa wameshikwa na kiseyeye tangu Januari huko Msumbiji. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mwandishi wa safari yao aliandika kuwa wagonjwa wao walipona walipofika hapa, na sababu aliyoitaja ni uzuri wa hewa ya mji. Baadaye walivuka bahari kutoka Bara Hindi kwa muda wa karibu miezi mitatu, na watu wapatao 30 wakafa njiani. Walipofika Malindi Januari 1499 waliletewa machungwa, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuzidiwa, wakafa hapo hapo. Naye mwandishi yule yule akailaumu hewa ya Malindi. Tazameni ajabu hii! Hewa ilisifiwa, kisha hewa ikalaumiwa, na chungwa lililokuwa mkononi halikuulizwa neno.

Ilipita miaka karibu 250 ndipo tabibu mmoja Mskoti, James Lind, alipolifanyia jambo hili mtihani. Mwaka 1747, merikebuni, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili. Hawa akawapa siki, hawa maji ya bahari, hawa dawa nyingine zilizosifiwa wakati ule, na wawili akawapa machungwa na malimau. Katika siku sita tu wawili hao walikuwa wamepata nafuu kubwa kuliko wote, na mmoja wao akaweza kurudi kazini. Pamoja na hayo, serikali ya Uingereza haikuamrisha maji ya malimau katika jeshi lake la majini mpaka mwaka 1795. Miaka 48 watu waliendelea kufa na dawa inauzwa sokoni kwa bei ya tunda.

Na wali nao una kisa chake. Kiasi cha mwaka 1890, katika mji wa Batavia ambao leo waitwa Jakarta, tabibu wa Kiholanzi Christiaan Eijkman alikuwa akiyachunguza maradhi ya beriberi, yanayolegeza miguu na kuudhoofisha moyo. Kuku wake wakashikwa na ulegevu unaofanana na ule wa wagonjwa. Kumbe walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali ya jeshi. Akaja mpishi mpya, akakataa wali wa askari wapewe kuku wa raia; wakalishwa mchele usiokobolewa sana, nao wakapona. Eijkman alidhani mwanzoni kuwa wali mweupe una sumu. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyebainisha mwaka 1901 kuwa si sumu iliyomo, bali ni kitu kilichotolewa, nacho kimo katika ile ngozi nyembamba ya mchele. Baadaye kikajulikana kwa jina la vitamini B1, na Eijkman akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Hebu tujiulize: ngozi ile sisi twaiitaje? Twaiita wishwa, na twawatupia kuku. Mama zetu walipotwanga kwa kinu na mchi, sehemu yake ilibaki katika mchele. Sisi twauona mchele ule kuwa wa kimasikini, na twamheshimu mgeni kwa mchele uliosuguliwa mpaka ukang'aa. Vivyo hivyo mapera huoza chini ya miti yetu, na pera moja lina vitamini C kuliko chungwa la uzito huo huo, mara tatu na zaidi. Kunde na mbaazi zina utomwili, na nyuzinyuzi zinazoifanya sukari iingie damuni polepole. Pia zina folati, ambayo mwanamke mwenye mimba huihitaji ili mifupa na mishipa ya mgongo wa mtoto iumbike sawa. Mchicha nao una folati hiyo hiyo. Na vyote hivi huuzwa barazani mwetu kwa senti chache, na mwenye kuvinunua huona haya akikutana na jirani yake.

Hapa ndipo swali letu linapoingia katika mambo ya tabia, likatoka katika mambo ya tumbo. Kwa nini mwanadamu hukidharau kilicho karibu? Naona sababu ni mbili. Ya kwanza ni kiburi: twataka chakula kitangaze cheo chetu kabla hakijatulisha. Ya pili ni usahaulivu wa neema: kilichozoeleka hakishukuriwi, na kisichoshukuriwa hakitazamwi. Mwenye kusema Alhamdulillahi kwa ulimi, kisha akakitupa kilicho na manufaa akachagua kilicho na fahari, shukrani yake imeishia midomoni.

Watu wa zama zetu wameongeza na sukari. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na kiasi cha gramu 30 za sukari, nazo ni vijiko saba vya chai au zaidi. Hapana mwenyeji ambaye angemtilia mgeni wake vijiko saba katika kikombe kimoja. Lakini chupa humpa mbili, na akikataa ya pili humwapia. Ndani ya mwili kongosho hutoa insulini, nayo huifungulia sukari mlango wa kuingia katika nyama na viungo. Unene wa tumbo, kukaa kitako na kula tamu bila ya kiasi humfanya mtu mlango wake uwe mzito, mpaka kongosho ichoke. Sukari hubaki damuni, ikaharibu mishipa ya macho, ya figo na ya miguu. Mguu hufa ganzi, kidonda kisisikike, na mwisho ni msumeno.

Ama wenye kusema "ni kadari" na wakaishia hapo, nawakumbusha habari ya Sayyidna Umar. Alipokuwa safarini kwenda Sham aliambiwa kuwa tauni imeingia huko, nayo ndiyo tauni ya Amwas iliyopiga mwaka wa 18 wa Hijra. Akaazimu kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu akienda kwenye kadari ya Mungu. Maana yake ni kwamba ugonjwa umekadiriwa, na kujikinga nako kumekadiriwa. Mwenye kuacha njia ya kujikinga kwa kisingizio cha kadari hakuiamini kadari yote. Ameamini nusu iliyomfaa uvivu wake.

Na ziko lawama kwa upande wa pili. Wako wanaozunguka na chupa za asali, habba soda na mdalasini, wakiwaambia wagonjwa waache sindano za hospitali. Mimi naipenda asali na naitumia. Lakini kabla ya Januari 1922, kijana wa Toronto Leonard Thompson alipopigwa sindano ya kwanza ya insulini, mtoto mwenye sukari ya aina yake alikuwa hana ila kusubiri kaburi, na asali ilikuwako duniani wakati wote huo. Chakula chema hukinga, husaidia, na hupunguza. Si kila mahali huponya. Mwenye kumtoa mgonjwa katika dawa yake kwa neno asilolijua atabeba jukumu zito.

Sasa nalijibu swali la kijana wetu. Chakula chaweza kuwa halali kwa dhati yake, na kukila kukawa ni kosa kwa hali ya mlaji. Kisu ni halali kukimiliki. Hukumu ya mkono ulioshika kisu ni jambo jingine. Mwili wetu hatukuuumba wala hatukuununua. Tumewekewa, na aliyewekewa amana hasemi "nitaifanya nitakavyo". Lakini lawama haimwangukii kila mgonjwa. Humwangukia mtu yakikutana mambo matatu: awe amejua madhara, awe na uwezo wa kuyaepuka, kisha ayaendee kwa matamanio tu. Asiyejua ana udhuru, na dhambi yake iko shingoni mwa aliyejua akanyamaza. Fakiri anayekula alichokipata ana udhuru. Na wako waliokula kwa kiasi maisha yao yote na maradhi yakawapata, kwa kurithi au kwa sababu zilizofichika. Hao hapana ruhusa ya kuwanyoshea kidole. Nasi hatujui moyo wa mtu, basi hukumu ya jirani yetu tumwachie Mola wake, tushughulike na masinia yetu.

Baada ya kuyafikiri hayo nilikwenda kumzuru mzee yule. Nilimkuta kitandani, na pembeni mwake mna katoni ya soda na biskuti walizomletea waliokuja kumpa pole. Nikamwomba radhi kwa jibu nililompa mwanawe. Akacheka kidogo, akasema: "Sheikh, mimi na wewe tumekula sinia moja katika hitma ngapi? Kila nilipotaka kuacha, nilikutazama. Nikisema moyoni, lau kungekuwa na ubaya, Sheikh angalisema."

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Miaka mingi nimesoma mlango wa vyakula katika vitabu vya fikihi, nikawafundisha watu kichinjwacho na kisichochinjwa, wala sikuwaambia hata siku moja lini mtu anyanyue mkono wake kwenye sinia. Mimi mwenyewe sikuunyanyua.

Basi kuanzia mwezi huu, katika mikutano ya darasa yetu patawekwa maji, ndimu isiyotiwa sukari, na matunda ya msimu, mapera yakiwa mbele. Sinia litakuwa na kunde au mbaazi na mboga pamoja na wali, na wali wenyewe utapungua. Hapana atakayemwapia mgeni ale zaidi. Mwenye sukari hataulizwa kwa nini hali. Ataulizwa amepimwa lini. Mambo haya ni madogo, wala hayamrudishii mzee wetu mguu wake. Lakini mwanawe hukaa safu ya mbele katika darasa yetu, na yeye bado ana miguu miwili.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuijue neema ilipo karibu kabla hajatuonyesha thamani yake kwa kuiondoa, na amponye kila mgonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.