Sauti Ile ya Kwanza

Wapenzi wa Tom Waits wakikutana hawakawii kuulizana: katika albamu zake zote, ipi ni bora? Nimelisikia swali hili mara nyingi, na karibu kila mara mjadala huzimwa na mtu anayetaka amani. Kipenda roho hula nyama mbichi, atasema, kila mtu na ladha yake.

Methali hiyo naikubali mezani. Kwenye muziki nina shaka nayo. Mtu akiniambia anapenda pilipili, hanidai chochote. Akiniambia albamu fulani ni nzuri, anataka nami niusikie uzuri huo, na nisipousikia anaumia kidogo. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliliandika hili mwaka 1790: anayesema kitu ni kizuri hasemi kwa ajili yake peke yake, hutarajia wengine wakubaliane naye. Ndiyo maana watu hawanuniani kwa sababu ya pilipili, lakini kwa sababu ya Waits nimeona wakinuniana.

Waits alizaliwa California mwaka 1949. Albamu yake ya kwanza, Closing Time, ilitoka 1973: piano, nyimbo za taratibu, na sauti ya kijana ambayo bado ina ulaini. Kufikia Small Change, 1976, sauti imeshakuwa ya mikwaruzo, kama vile amemeza changarawe. Mwaka 1980 akamwoa Kathleen Brennan, ambaye baadaye wakawa wanatunga pamoja. Mwaka 1983 ikaja Swordfishtrombones, aliyoitayarisha mwenyewe, imejaa marimba, ngoma na vyuma vya kugongwa. Miaka 2 baadaye, Rain Dogs. Wapo wanaosema hapo ndipo alipojipata. Wapo wanaosema hapo ndipo alipotupotea.

Kaka yangu mkubwa yuko kundi la pili. "Mdogo wangu," huniambia, "huyu ni mtu mwingine. Amerithi jina tu."

"Ni yuleyule, kaka. Amekua."

Mimi ni wa Rain Dogs. Waits alieleza kwamba mbwa wa jina hilo ni wale wanaokutwa na mvua mjini, maji yakafuta harufu waliyoitegemea, wakashindwa kurudi nyumbani. Kwangu albamu nzima ni watu wa namna hiyo, na sauti laini isingeweza kuwasemea. Hoja hii kaka anaisikia, hata kama haikubali. Naye amenisikilizisha Closing Time hadi nikatambua jinsi kijana wa miaka 23 alivyojua kunyamaza kati ya neno na neno. Kama ladha ingekuwa nyama mbichi tu, mazungumzo haya yasingetufikisha popote.

Lakini ndani ya lawama ya kaka kuna kitu kisichohusu muziki. Anaona alisalitiwa. Anaamini mtu aliyempa sauti ile ya kwanza alimwahidi kubaki nayo. Je, msanii anatudai nini, nasi tunamdai nini?

Kuna kesi inayonisaidia kufikiri. Waits alikuwa amekataa waziwazi kuimba matangazo ya biashara. Mwaka 1988 kampuni ya Frito-Lay ikatangaza bidhaa mpya ya Doritos redioni kwa sauti ya kukwaruza iliyofanana mno na yake. Aliyeimba alikuwa mwanamuziki wa Dallas, shabiki wa Waits, aliyeimba nyimbo zake na bendi kwa zaidi ya miaka 10 hadi akaiweza sauti ile. Waits alishtaki. Baraza la mahakama likamtunukia zaidi ya dola milioni 2, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikathibitisha sehemu kubwa ya hukumu hiyo. Kampuni ilitaka sauti bila mwenye sauti, yaani bila mtu anayeweza kusema hapana.

Shabiki anayetaka 1973 irudi haibi kitu, wala hapati faida. Hata hivyo naona undugu kati ya matakwa hayo mawili. Sisi wa Rain Dogs hatujasalimika. Mule Variations ilipotoka mwaka 1999, ikiwa na nyimbo za piano za upole, wapo waliolalamika kwamba amelainika, kana kwamba alituahidi kuvunja vyombo hadi kaburini.

Jambo hili nimeliona nyumbani, mbali na santuri. Baba alifanyiwa upasuaji wa koo, akarudi na sauti nyingine, nzito na ya kuparuza. Shangazi alikuwa akipiga simu na kusema, "Nipe niongee na kaka mwenyewe," na aliyekuwa akiongea naye ni baba. Mama alikuwa na ujumbe wa zamani wa sauti yake kwenye simu. Alikuwa akiusikiliza jikoni, na akisikia hatua za baba anauzima.

Najua hali hizi hazilingani: Waits alichagua, baba hakuchagua. Lakini mama alinifundisha kitu kwa kidole kile kilichozima simu. Kuipenda sauti ya zamani si dhambi, na hakuacha kuipenda. Alichokataa ni kumfanya mtu aliye hai asimame mlangoni akijisikiliza anavyokumbukwa, kama vile ameshaondoka.

Kwa hiyo namwachia kaka Closing Time yake, na naendelea kubishana naye, kwa kuwa hoja zake zinastahili kujibiwa. Nisichompa ni lile neno "alitusaliti". Siku hizi mtu akiniuliza albamu ipi ni bora, nataja Rain Dogs na sababu zangu, kisha namuuliza yeye alimkuta Waits kwenye albamu ipi, na alipobadilika alimfuata hadi wapi.