Naam, na yule aitaye



Neno «naam» limekuwa la kizee kwetu Rutshuru. Watoto hujibu «ndiyo» au «ee», na wengi nyumbani husema «yego». Naam huikuta vitabuni, nao huicheka kidogo. Neno hilo latoka katika Kiarabu, na huko pwani lina kazi mbili: kukubali jambo, na kuitikia mwito. Mwanamume aitwapo kwa jina hujibu naam. Mwanamke, kwa desturi ya zamani, hujibu labeka au bee. Wazee wasemao Kinyarwanda nao walimwitikia mkubwa kwa neno «karame», yaani uishi sana.

Basi tazameni tofauti. Ndiyo hujibu swali. Naam yaweza kulitangulia swali: mtu ameita jina langu tu, sijajua kama atanituma kuni au maji, nami nimekwisha kujitoa kwake. Ni neno zito kuliko tudhanivyo.

Mtoto Samweli alikuwa amelala hekaluni, akasikia anaitwa. Mara tatu alimkimbilia kuhani Heli, kwa kuwa alikuwa hajaitambua sauti ya Bwana. Sisi makatekista hupenda kuzisifu mbio zake. Mimi namsifu pia mzee Heli: macho yake yalikuwa yamefifia, lakini ndiye aliyemfundisha mtoto kutambua ni nani amwitaye. Bikira Maria naye alimwuliza malaika jambo hilo litakuwaje, kisha akakubali; wala hakukemewa kwa kuuliza.

Nayasema haya kwa sababu vijana wa nchi yetu hii wameitwa na wengi, na baadhi ya hao waitao wameshika bunduki. Miaka mingi tumewafundisha watoto kumwitikia upesi kila mkubwa, tukadhani heshima yote ni hiyo. Hapo tulifundisha nusu.

Juzi jioni nilifika kwa jirani, nikamwita mtoto wake, mwanafunzi wangu. Badala ya kuitika, akauliza kutoka ndani: «Nani aniitaye?» Mama yake akaona haya, akamkaripia kwa kukosa adabu.

«Mwache, mama,» nikasema; nikataja jina langu.

«Naam, mwalimu,» mtoto akajibu, akafungua mlango.