Udongo Unatudai, Tuulipe!

Ndugu zangu wa Cheyo hapa Tabora mjini, na ninyi wa Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua, sikilizeni! Kila msimu tumbaku inapouzwa, makato huanza: mbolea imekatwa, dawa imekatwa, chama cha msingi cha ushirika kimechukua chake. Kila aliyetukopesha hulipwa. Mdai mmoja tu huondoka mikono mitupu, naye ndiye aliyetukopesha kuliko wote. Ni udongo.

Piga jembe kwenye shamba lililolimwa miaka kumi bila kupumzishwa. Unachonyanyua ni mchanga uliopauka, unakuponyoka vidoleni. Kisha nenda chini ya mwembe mkongwe wa njia ya misafara, ile waliyopita wapagazi wa pembe za ndovu kati ya Ujiji na Bagamoyo. Fukua majani yaliyooza: udongo mweusi, wenye unyevu, wenye minyoo. Mvua ni ile ile. Lakini chini ya mwembe kinachoanguka hubaki. Shambani tunavuna kila kitu, na mabua tunayatia moto!

Asiniambie mtu kwamba mkulima hajui. Wanyamwezi walifukia nyasi ndani ya matuta kabla bwana shamba hajafika. Kinachomshinda mkulima ni kusubiri. Mbegu za mikunde, samadi ya kusomba kwa mkokoteni, miche ya glirisidia, vyote vinataka fedha leo, na faida yake huonekana baada ya misimu miwili, mitatu. Watoto watakula nini katikati hapo? Chamani mkopo wa pembejeo za tumbaku uko tayari. Mkopo wa kuuponya udongo uko wapi?

Nasema fedha, lakini si fedha za papara. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walishusha matrekta kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Zaidi ya pauni milioni 30 ziliteketea, na 1951 mradi ukafa. Walikuja na mitambo, hawakumsikiliza mwenyeji wala hawakuipima ardhi ipasavyo. Sasa watazameni jirani zetu wa Shinyanga. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986 uliheshimu ngitili za Wasukuma, yale maeneo ya malisho yanayotengwa yapumzike, ukapewa fedha kwa subira mwaka hadi mwaka, na zaidi ya hekta 300,000 za uoto zikarudi. Kwetu pia hatukukosa elimu: watafiti wa kituo cha kilimo cha Tumbi, nje tu ya mji wetu, walionyesha kwamba mkulima anaweza kupanda miti shambani, akaikata baada ya miaka mitano hivi, akapata kuni za mabani ya kukaushia tumbaku bila kugusa msitu, kisha akarudisha mahindi pale pale.

Basi dawa ya deni ni kulipa! Madiwani, tengeni sehemu ya ushuru wa tumbaku irudi shambani ilikotoka. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ifikie pia vikundi vya vitalu vya miche na vya kutengeneza mboji. Makampuni ya tumbaku na mabenki, mkopesheni mkulima samadi na mbegu za mbaazi kama mnavyomkopesha mbolea, na marejesho yaanze msimu wa tatu. Masheikh, mapadri na wachungaji, fundisheni kwamba ardhi ni amana, atakayeiharibu ataulizwa.

Nawe mkulima, usingoje. Anza na robo ekari kabla ya mvua za Novemba. Mabua usiyachome, yatandaze. Panda mbaazi kati ya mahindi. Samadi isioze zizini bure.

Na mkutano mkuu wa chama ukiitishwa, nendeni nyote, wake kwa waume. Ombeni neno, simameni, mwulizeni mwenyekiti mbele ya watu: mwaka huu udongo umetengewa shilingi ngapi? Msikae mpaka mjibiwe. Na jibu likiwa ni sifuri, msipitishe bajeti hiyo!