Bei ya Kwenye Kioo



Wengi wetu tulizoea kuliona lile gari dogo, Toyota Starlet, lililokaa chini ya mwembe karibu na njia ya kwendea kanisani, na karatasi imebandikwa kiooni: "Linauzwa. Milioni 9. Maongezi yapo." Karatasi ilipauka kwa jua, ikaandikwa nyingine, nayo ikapauka. Gari lilikuwa la marehemu mume wa mama mmoja jirani yetu. Twaandika habari hii kwa ruhusa yake, na kwa sababu sisi wenyewe hatumo nje ya kosa.

Hiyo milioni 9 ilitoka wapi? Si kwake. Baada ya matanga tulikuwa tukimtembelea, na kila mmoja alitia neno lake. Mmoja alisema Starlet ya namna ile haitengenezwi tena tangu mwaka 1999, kwa hiyo limekuwa gari adimu. Mwingine alikumbusha kwamba marehemu alitia injini nyingine, akapiga rangi, akanunua matairi manne. Wa tatu aliona tangazo mjini la gari kama hilo kwa milioni 9 na nusu. Tukamwambia, "Mama, usikubali chini ya tisa." Tulisema kwa upendo. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nia ya kulinunua.

Tulitazame kwanza lile tangazo. Gari lenye bei ya kiasi halikai. Huuzwa kwa siku chache na tangazo lake huondolewa. Yanayobaki machoni petu mwezi baada ya mwezi ni yale yaliyokosa mnunuzi. Nasi tukiyaona hayo twasema, "Hii ndiyo bei ya soko," kumbe ndiyo bei ambayo soko limeikataa. Hivyo muuzaji aliyekwama humwiga mwenzake aliyekwama, na wote wawili hudhani kwamba wanunuzi ndio wagumu.

Na ile injini? Fedha zilizotiwa katika matengenezo hazirudi zote katika bei, maana injini nzima hulifanya gari liwe vile linavyotazamiwa kuwa, yaani liwake na kwenda. Marehemu naye alikwisha kuyafaidi matengenezo hayo kila siku alipolipanda.

Tena liko hili la kuwa adimu. Wazee wanaikumbuka Volkswagen ile yenye mgongo kama kobe, iliyobuniwa kuwa gari la watu wa kawaida. Ya mwisho ilitoka kiwandani huko Puebla, Mexico, mwezi Julai 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21. Leo wako watu Ulaya na Marekani wanaolipa fedha nyingi kwa moja iliyotunzwa, yenye vyombo vyake vya asili, isiyoliwa na kutu. Habari hizo humfikia mtu mwenye Volkswagen iliyootewa na majani nyuma ya banda la kuku, naye hutaja bei ileile!

Hata hivyo tusimwonee muuzaji. Yule asemaye kwamba gari kuukuu ni chuma chakavu tu, naye hasemi kweli. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8 tangu kuundwa, na Tanzania hulitoza kodi ya ziada. Kwa hiyo hata gari dogo la mtumba kutoka Japani hufika mikononi mwa mtu kwa bei kubwa, na lililo tayari nchini hupata nguvu kwa sababu hiyo. Starlet hunywa petroli kidogo, spea zake zinajulikana, na fundi wa chini ya mti huijua injini yake bila kitabu. Dalali aliyekuja kwa mama huyu alijua hayo yote. Akalizunguka gari, akapiga mlango teke, akatema mate, akasema milioni 2. Mtu wa namna hiyo ametajwa katika Mithali, sura ya 20: yule anayeiponda bidhaa mbele ya mwenyewe, kisha aondoka akijisifu.

Basi swali letu ni hili: je, ni dhambi kutaja bei ambayo twajua kitu hakifikii? Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alisema kwamba muuzaji aweza kuhesabu hasara yake mwenyewe ya kuachana na kitu, ila hana haki ya kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi anakihitaji mno. Juu ya kasoro alisema kwamba iliyofichika hainabudi kutajwa, bali ile ya wazi, kama farasi mwenye chongo, haihitaji kutangazwa, mradi bei ipungue kwa kadiri yake. Na Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alisimulia habari za mtu aliyeletewa kitabu na muuzaji asiyejua thamani yake. Aliombwa fedha kidogo sana, naye akatoa bei kamili ya haki, bila kuombwa. Twakiri kwamba habari hii ilitutia aibu, maana kwa wanunuzi tumezoea kusifu werevu.

Mwisho wake mama alimwita fundi ambaye hana gari la kuuza wala la kununua. Fundi akasema wazi: wakati wa msiba lingeweza kupata milioni 5. Sasa, baada ya mvua mbili, betri imekufa, matairi yamepasuka, panya wamekula nyaya, na giaboksi linalia. Akamwandikia kasoro zote katika karatasi. Mwalimu kijana wa shule ya jirani alisomewa karatasi ile mstari kwa mstari, akalipa milioni 3 na laki 8. Fedha zilizopotea zingetosha karo ya mtoto wake wa pili, ambaye alikaa nyumbani muhula mzima.

Siku ya kukabidhiana kadi ya gari tulikuwapo. Mama alilibandua tangazo pale kiooni, akalikunja, akatuuliza kwa upole ni nani kati yetu aliyeitaja kwanza ile tisa. Hakuna aliyejibu.