Hadubini na Uadilifu

Msomaji, nenda Shanzu, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, maji yanapokupwa. Chota mchanga pale wimbi lilipoacha mwani. Utaona matumbawe yaliyosagika, vipande vya kombe, na yamkini ukingo wa kifuniko cha chupa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Lakini plastiki iliyokwisha kuingia baharini haiozi upesi. Jua huidhoofisha, wimbi huivunja, nayo huwa chembe. Nyingine ni ndogo hata hazionekani pasipo hadubini.

Je, jicho lililosaidiwa na kioo lastahili kuaminiwa? Mchunguzi hutia mchanga katika maji yaliyokolezwa chumvi; mchanga huzama, plastiki nyingi huelea. Huchuja, kisha hutazama. Hata hapo jicho hudanganyika, maana unyuzi wa mwani huweza kufanana na uzi wa nailoni. Basi huigusa chembe kwa sindano ya moto: plastiki nyingi hujikunja au huyeyuka, gamba la kombe halijali. Zilizo ndogo mno kwa sindano hupimwa kwa mwanga wa infraredi.

Lakini kwangu mimi chombo kikubwa katika kazi hii ni sahani tupu. Mchunguzi mwadilifu huiweka wazi kando yake tangu mwanzo hata mwisho, kisha huitia nayo chini ya hadubini. Aghalabu hukuta nyuzi ndani yake. Zimetoka hewani, au katika shati lake mwenyewe. Ndiyo sababu huvaa joho la pamba, na ndiyo sababu hesabu ya sahani huitoa katika hesabu ya bahari. Amekuja kushuhudia uchafu wa mji, wa hoteli na wa vyombo vya baharini, naye ajiandika yeye kwanza daftarini!

Utasema: hesabu kubwa ingewatisha watu wakaacha kutupa taka, kwa nini aipunguze? Nami nakuuliza, nani atalipia ziada hiyo? Mvuvi wa pwani ile hushusha changu wake alfajiri, na mnunuzi aliyetishwa hupita asigeuke nyuma. Mvuvi huyo hana hadubini ya kujitetea. Akiuliza ni chembe ngapi hasa zilizotoka katika bahari yake, mchunguzi aweza kumwonyesha zile tu zilizobaki baada ya kuitoa sahani, ziwe mia au tatu.