Kumtaja Si Kumsoma

Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki tarehe 28 Mei 2025, picha zake zilienea kwenye simu zetu kabla ya siku ile kwisha. Viongozi walitoa rambirambi. Watu waliozaliwa miaka mingi baada ya yeye kufungwa gerezani Kamiti walimwita baba, mwalimu, nguzo ya Afrika. Majonzi mengi yalikuwa ya kweli, na hakuna ubaya kumlilia mtu mkubwa. Lakini liko swali ambalo adabu ya msibani hairuhusu kuulizwa, na sasa matanga yamekwisha: kati yetu tuliomlilia, ni wangapi tuliwahi kumaliza riwaya yake hata moja bila kulazimishwa na mwalimu?

Nauliza hivyo kwa sababu naamini mwandishi husahauliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni jina lake kupotea kabisa. Hiyo ni hasara, lakini hasara iliyo wazi: siku moja mtu atafuta vumbi rafuni, akutane na kitabu, aulize huyu alikuwa nani, na jina litafufuka. Njia ya pili ni jina kubaki na vitabu kufungwa. Hapo mwandishi anatajwa kila mwaka, anapewa barabara, shule na tuzo, na hakuna anayehisi kwamba kuna kitu kimepotea. Kusahau kwa aina hii ni kuzito zaidi, maana kumevaa nguo za kukumbuka.

Rais hukumbukwa kwa aliyoyatenda, na aliyoyatenda yamekwisha kutendeka, tukiyakumbuka tusiyakumbuke. Mchezaji mpira naye bao lake liliingia. Mwandishi wa riwaya ana bahati mbaya ya pekee: kazi yake ameiacha nusu. Nusu ya pili ni ya msomaji. Karatasi zilizopigwa chapa haziwi riwaya mpaka mtu akae nazo, awape wahusika sauti kichwani mwake, awachukie, awahurumie, abishane nao. Kumsifu mwandishi bila kumsoma ni kurithi sanduku la marehemu, kulipangusa na kuliweka sebuleni wageni walione, huku ufunguo ukining'inia ukutani.

Hapa wengi hukimbilia jibu jepesi. Husema: ndivyo tulivyo, ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiandike kitabuni. Msemo huu tunaurudia kwa kicheko, tena sisi wenyewe, kana kwamba tumegundua jambo katika damu yetu. Ni msemo wa uongo, na uongo wake ni wa kifalsafa: unachukua jambo lililoletwa na historia na kuligeuza kuwa tabia ya kuzaliwa.

Tuitazame historia yenyewe. Mwana Kupona alitunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake mwaka 1858, na pwani nzima wanawake waliuhifadhi na kuusomeana kwa sauti, wakiwamo wasiojua herufi. Ngũgĩ alipoiandika *Caitaani Mũtharaba-inĩ* kwa Kikuyu, kwenye karatasi za chooni huko Kamiti, na kitabu kikatoka mwaka 1980, kilisomwa majumbani na hata vilabuni. Mwenyewe ameeleza jinsi msomaji baani alivyokuwa akikomea penye utamu, akasubiri glasi yake ijazwe kabla hajaendelea. Watu hao walikuwa wakisikiliza riwaya kwa hamu ya kuilipia. Ukitaka kuwaficha kitu, kitabu kingekuwa mahali pabaya kabisa pa kukificha, mradi kimeandikwa kwa lugha yao na yupo wa kukisoma.

Tanzania nayo ilijaribu kujenga taifa la wasomaji kwa makusudi. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka huo huo Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa ya kisomo yakafunguliwa chini ya miembe na kwenye majengo ya vyama, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa chini ya asilimia 10. Katika kipindi hicho hicho fasihi ilichanua. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya Clement Ndulute ya riwaya ya kwanza ya Chinua Achebe, ikatoka 1973, *Kichwamaji* ya Kezilahabi 1974, na *Kuli* ya Adam Shafi 1979. Waliotaka mambo mepesi walikuwa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na Willy Gamba wa Elvis Musiba, na walisoma mpaka majalada yakachanika.

Kisha nguzo zikaanza kuondolewa moja moja. *Rosa Mistika* na *Kichwamaji* zilikuwa zimechapwa na mashirika ya Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Miaka ya themanini ikaja na uhaba wa fedha za kigeni, kwa hiyo wa karatasi, kwa hiyo wa vitabu. Tulikuwa tumewafundisha mamilioni kusoma, tukawaacha bila cha kusoma. Wachapishaji waliobaki walikimbilia penye mnunuzi wa uhakika, yaani shule. Kenya, mwaka 2013, sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ikaweka asilimia 16 juu ya bei ya vitabu. Mzazi anayechagua kati ya riwaya na unga hahitaji kuhubiriwa kuhusu utamaduni wa kusoma.

Basi kitabu kikahamia shuleni, na huko kilipata heshima iliyokidhuru. Mwanafunzi anaifungua riwaya teule akiwa tayari anajua maswali: jadili dhamira, taja mbinu za lugha, eleza sifa za mhusika mkuu na umuhimu wake, weka dondoo hili katika muktadha wake. Pembeni ana mwongozo uliokwisha kumjibia. Ni wengi wanaopasi mtihani wa riwaya kwa kusoma mwongozo peke yake, na mtihani hauna namna ya kuwajua. Riwaya ni kitu kinachomuuliza msomaji. Mtihani humfundisha msomaji kuiuliza riwaya, tena maswali yenye alama. Siku ya karatasi ya mwisho anafunga kitabu kwa nafuu ya mtu aliyemaliza kifungo.

Safari ya *Rosa Mistika* inaonyesha jambo hili kwa namna ya ajabu. Ilipotoka ilipigwa marufuku shuleni, kwa kuwa ilisema wazi jinsi wasichana wanavyoharibiwa, wakiwamo wanaoharibiwa na walimu wao. Baadaye ikakubaliwa, ikaingia darasani. Sote tutasema hayo ni maendeleo, nami nakubali. Lakini tukiri pia kwamba aliyeipiga marufuku alikuwa ameisoma, na alikuwa ameiamini kiasi cha kuiogopa. Woga wake ulikuwa namna ya heshima. Anayeifundisha leo kwa orodha ya tamathali za semi hana haja ya kuiogopa, kwani imekwisha kufugwa.

Simu je? Ni rahisi kuilaumu, na lawama nyingine inastahili. Hata hivyo, kwa hesabu ya herufi tu, huenda hakuna kizazi kilichosoma kama hiki. Mtu anaamka akisoma na kulala akisoma: ujumbe, habari, matusi, maombi, hadithi za mfululizo zinazoishia penye utamu na kuahidi kesho. Njaa ya masimulizi ipo, tena kali. Kwa hiyo kama kuna kitu kinachokufa, si uwezo wa kutambua maneno. Ni kitu kingine, na inafaa tukitaje kwa usahihi.

Nakiita uwezo wa kuchelewesha hukumu. Mchukue Rosa mwenyewe. Mtu akisimuliwa habari zake kwa sentensi mbili, msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali, akaenda shule, akajitupa kwa wanaume, akaishia kujiua, hukumu inakuja papo hapo. Mmoja atasema ni malaya, mwingine atasema ni mhanga wa mfumo dume. Wote wawili wamekwisha kumaliza. Msomaji wa kitabu hana raha hiyo. Lazima akae nyumbani kwa Zakaria, aione pombe yake na fimbo yake, na aone pia kwamba baba yule anaamini anamlinda binti yake. Lazima amfuate Rosa hatua kwa hatua, amkasirikie, kisha akumbuke alikotoka, kisha amkasirikie tena. Anapofika mwisho ameona mengi mno kumwita kwa jina moja. Hakupewa jibu, alinyimwa haraka. Na katika kunyimwa haraka ndimo akili inamopata nafasi ya kufanya kazi ambayo hakuna mahubiri yanayoweza kuifanya kwa niaba yake.

Historia nayo hunufaika hapo. Mgomo wa makuli wa Zanzibar wa mwaka 1948 umo katika nyaraka: tarehe, madai, majina ya maofisa. *Kuli* inakaa na Rashidi bandarini, na inachukua muda mrefu kutuonyesha jinsi mtu anayebeba magunia anavyofika mahali pa kukataa kuyabeba. Nyaraka zinatuambia kwamba watu waligoma. Riwaya inatuzuia kudhani kwamba ilikuwa rahisi.

Simu inafundisha kinyume chake, na hufundisha saa zote. Kila kinachopita mbele ya macho kinadai hukumu: penda, kataa, sambaza, tukana. Anayesita amepitwa. Na hapa ndipo ninapomrudia Ngũgĩ na kilio chetu, kwa maana sifa nayo ni hukumu. Anayemwita Shaaban Robert gwiji bila kumfungua na anayemwita Kezilahabi mpotoshaji bila kumfungua wanafanya kitendo kimoja. Wamepishana ladha tu. Wote wamefikia mwisho bila kupita njiani. Ndiyo maana makumbusho yetu ya waandishi hayajaponya kuporomoka kwa usomaji: ni sehemu ya ugonjwa ule ule.

Shaaban Robert alilifikiria jambo hili mapema. Katika *Kusadikika*, kitabu cha mwaka 1951, nchi inayoelea angani iliwatuma wajumbe sita pande zote sita za ulimwengu, nao waliporudi na maarifa walitupwa gerezani. Kosa lao lilikuwa kuleta habari ambazo wakubwa hawakuwa na subira ya kuzipima. Karama, mhusika mkuu, naye anashitakiwa kwa kutaka watu wajifunze uanasheria. Utetezi wake hauna ujanja wowote: anasimulia. Anasimulia habari za mjumbe mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine, na baraza linalazimika kumsikiliza mpaka mwisho. Anaachiwa, na wafungwa wanafunguliwa. Waliomhukumu hawakubadilika kuwa watu wema. Walicheleweshwa kwa muda wa kutosha. Nafikiri hakuna nadharia ya riwaya iliyo bora kuliko hiyo katika lugha yetu, na mwandishi wake ndiye tunayemtaja zaidi na kumfungua kidogo.

Kama hoja hii ina uzito, dawa nayo inabadilika. Wiki za vitabu na hotuba kuhusu vijana wavivu zitatusaidia kidogo. Inafaa zaidi mwalimu kupata saa moja katika wiki ya kuwasomea wanafunzi riwaya kwa sauti, bila swali mwishoni na bila alama. Inafaa zaidi maktaba ya wilaya kuwa na riwaya mpya na kuwa wazi jioni, watu wanapotoka kazini. Vitabu vya kusikiliza tusivione kuwa ni anguko. Waliomsomea mwenzao utenzi wa Mwana Kupona wasingetuelewa. Na tafsiri ziharakishwe. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar, lakini *Paradise* yake ya mwaka 1994 ilingoja hadi 2022, mwaka mmoja baada ya Tuzo ya Nobel, ndipo Ida Hadjivayanis alipotupatia *Peponi* kwa Kiswahili. Tulihitaji Stockholm itutajie jina la mtu wa kwetu. Sasa tunalo, na kwa mara nyingine hatari ni ile ile: turidhike nalo.

Mtu anaweza kunipinga kwamba nadai mengi, kwamba si kila anayemheshimu mwandishi ana nafasi ya kumsoma, na kwamba heshima ya jina ni bora kuliko kutojua kabisa. Nakubali nusu. Jina ni mlango, na mlango una kazi yake. Lakini hakuna aliyewahi kusema amemtembelea mtu kwa sababu alipita mbele ya mlango wake akasifu ufundi wa seremala. Kijana anayeisoma *Kichwamaji* mpaka ukurasa wa mwisho, akamkasirikia Kazimoto na kukata shauri kwamba Kezilahabi alikata tamaa mno kuhusu maisha, huyo amemkumbuka Kezilahabi. Amebishana naye, na hakuna anayebishana na mtu aliyemsahau. Sisi wengine, wenye picha na maneno matamu, bado tuna deni la kurasa.